Minyaa ya Upande wa Mashariki

Nakumbuka baba yangu alivyosimama asubuhi moja kwenye uzio wetu wa minyaa, amevaa miwani ya jua aliyoazima kwa fundi baiskeli, kanga ya mama ameizungushia puani, panga mkononi. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni, mwanangu, utamwita aliyekuzaa hata kama hayupo. Alikata mpaka jua la utosi, na kila mnyaa ulipoanguka alirudi nyuma akikohoa. Mimi nilikaa dirishani na daftari langu, najifanya nasoma. Nilijua kwa nini anakata. Alikuwa anakata kwa ajili yangu.

Nakuambia habari hii kwa sababu juzi nilipita pale unapojenga nikakuta umeng'oa karibu kila kilichosimama, eti nyumba ionekane barabarani. Nilirudi nyumbani nimefura. Daktari ameshaniambia nina presha, nisikasirike, lakini daktari hajui ninaishi na watu gani. Basi kaa hapo nikusimulie, na hiyo simu iweke chini.

Kwetu ni Iguguno, wewe unapajua. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi wa alizeti walikuja na mizani yao mpaka mlangoni, wakishindana bei, na maduka ambayo zamani yalikuwa na chumvi na kiberiti tu yakajaa bati, redio na mitumba. Baba aliuza alizeti misimu mitatu mfululizo, akajenga nyumba ya tofali za kuchoma, bati juu, chumba cha mbele duka. Nyuma yake lilibaki tembe la Bibi, mama yake baba: fupi, paa la udongo, unaingia umeinama. Boma lote lilizungukwa na minyaa aliyoipanda marehemu babu, na upande wa mashariki aliipanda safu mbili, kwa sababu upepo wa kwetu unatoka huko. Hata kuku wa Iguguno anajua alale ameelekea wapi.

Na mimi nilikuwa na haya. Si haya ya kusifiwa, haya ya kupitiliza. Nikitaka kitu kwa baba, nilimwambia mama, mama ndiye amwambie. Na kabla ya kumwambia mama niliandika kwanza kwenye daftari, nikafuta, nikaandika tena. Nilikuwa kidato cha tatu Kiomboi, na ndani ya daftari lile nilikuwa msemaji hodari sana. Nje yake nilikuwa kama gogo.

Likizo ya mwezi wa sita alikuja wakala wa bima kutoka Singida mjini, Bwana Salumu, kijana wa familia ya wenye maduka, mcheshi, kofia ya kufuma na viatu vinavyong'aa mpaka unaona huruma kwa vumbi letu. Alikuwa anawatembelea wenye maduka wa barabarani. Alimwamkia Bibi shikamoo mpaka akapiga goti, Bibi akaitika marahaba akamtazama viatu. Akamweleza baba kwamba siku hizi mtu haachi nyumba yake hivi hivi: unalipa ada kila mwaka, ukipata moto au upepo ukaezua paa, kampuni inakujengea. Bibi akauliza kama huo upepo nao umeshirikishwa kwenye makubaliano. Watu wakacheka, na Bwana Salumu alicheka kuliko wote.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza tupu. Baba akaniita mimi, msomi wa nyumba, nijaze. Bwana Salumu aliizunguka nyumba, akapima kwa hatua, akaja kunitajia: kuta tofali za kuchoma, paa bati, uzio wa minyaa pande zote. Hapo akamwambia baba kwa furaha kwamba uzio ule umempunguzia ada, maana nyumba iliyokingwa haina hatari kama iliyo wazi. Nikaandika. Kisha baba akatia sahihi, Bwana Salumu akachukua fomu, nikabaki na nakala yetu mkononi, na mimi karatasi ikibaki mkononi lazima niisome yote. Chini kabisa, kwa herufi za kumkomoa mzee, palikuwa na sharti: mwenye nyumba akibadili chochote kwenye nyumba au boma, aiarifu kampuni kwa maandishi, la sivyo kampuni inaweza kukataa kulipa. Nililielewa. Neno moja sikulijua, nikalitafuta kwenye kamusi, kisha nikalielewa zaidi. Nikaikunja karatasi, nikampa mama aiweke kwenye sanduku.

Sasa sikia upumbavu wangu.

Basi la kwenda Kiomboi hupita mbele ya kwetu. Kila shule ikifunguliwa, wasichana wenzangu walikuwa wanaonyeshana kwao: kwetu pale, kwetu ile ya bati jekundu. Ikifika zamu yangu kinachoonekana ni minyaa. Msichana mmoja wa mjini aliniuliza kwa sauti ya kusikika basi zima, "Kwenu ndio humo? Fisi nao mnawapangisha?" Walicheka mpaka tukafika Ulemo. Ningeweza kumjibu kwamba nyuma ya minyaa hiyo kuna nyumba ya bati nzuri kuliko ya kwao. Sikujibu. Nilikwenda kuandika kwenye daftari.

Kwa hiyo likizo ile ilipokaribia kwisha nikamwambia mama: minyaa inaificha nyumba, wateja hawalioni duka. Wateja, mwanangu. Nilisingizia wateja. Mama akampelekea baba, na baba alikuwa anatafuta sababu muda mrefu, maana nani ajenge nyumba nzuri aifiche? Akaazima miwani.

Bibi alitoka kwenye tembe akamkuta ameshamaliza upande wa barabarani na ameanza ule wa mashariki. Barabara ipo upande wa kusini, lakini mkono wa mtu ukishazoea kukata haujui kusimama. Alianza kwa Kinyiramba, kama kawaida yake akikasirika, akamalizia kwa Kiswahili ili majirani nao wapate.

"Nyumba si bibi harusi," alisema. "Haitolewi nje watu waje kuitazama."

Baba akamjibu kwa heshima kwamba mama, dunia imebadilika. Bibi akasema ndiyo, na upepo nao umebadilika, siku hizi hauna adabu, na wewe unaufungulia mlango. Kisha akaniangalia mimi pale dirishani, nikainamisha macho kwenye daftari. Ile ilikuwa nafasi yangu. Neno moja tu: baba, ile karatasi ilisema tukibadili boma tuwaandikie. Barua ya mistari mitatu, stempu moja. Sikusema. Niliona nikitaja karatasi, baba ataahirisha kukata, na keshokutwa basi litapita.

Unataka kujua basi lilipopita ilikuwaje? Wasichana walikuwa wanagombania mkate. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Nyumba yetu ilipita dirishani ikiwa wazi kama mtu aliyevuliwa shati, tukaiacha nyuma, na aliyeiona ni mimi peke yangu.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Bibi alizoea kuzihesabu kwa mwezi na kwa maua ya miti, safari hii hesabu zote zikamkataa. Ardhi ikachemka. Nilikuwa nimerudi likizo ya Desemba alasiri moja upepo ulipotangulia mvua. Upepo wa kutangulia mvua tuliuzoea, hupiga milango kisha hupita. Huu haukupita. Uliingia upande wa mashariki, pale palipobaki visiki, ukaingia chini ya bati ukaliinua paa kama mama anavyofunua sufuria. Nilisikia misumari ikitoka mbaoni. Mama alitupigia kelele, tukakimbilia kwenye tembe la Bibi tumeinama, mvua ya mawe inatupiga mgongoni, na nyuma yetu ukuta wa duka ukaanguka juu ya sukari na sabuni.

Hakufa mtu. Namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini tulilala watu wanane kwenye tembe lile hadi msimu mwingine wa mavuno, na baba, aliyejenga ili atoke humo, alikuwa akiingia ameinama zaidi ya wote. Bati zilitawanyika kwenye mashamba ya watu. Mzee Kitundu, jirani yetu, alirudisha tatu, akasema nyingine mbili zimekunjika vibaya, afadhali azitumie kuzibia zizi lake. Baba hakuwa na nguvu ya kubishana.

Alikuwa na tumaini moja, bima. Alipeleka taarifa mjini, na baada ya siku kadhaa Bwana Salumu akaja na mkaguzi wa hasara, mtu mzima mwenye miwani minene, hana utani. Mkaguzi alizunguka, akarudi na fomu ile ile, mwandiko wangu juu yake.

"Hapa pameandikwa uzio wa minyaa pande zote," akasema. "Uko wapi?"

Baba akasema aliukata mwezi wa sita. Mkaguzi akauliza kama aliwaarifu. Baba akacheka kidogo, akadhani ni mzaha.

"Niwaarifu nimekata minyaa? Kwani nimechinja ng'ombe wa kampuni?"

Mkaguzi akasoma lile sharti kwa Kiingereza, akalitafsiri polepole. Bwana Salumu alikuwa anatazama viatu vyake, na siku hiyo vilikuwa na matope. Baba aliutazama ule mwandiko. Kisha akageuka, akaniita kwa jina langu lote, jambo ambalo hakulifanya kamwe.

"Wewe ndiye uliyeisoma karatasi. Haya maneno yalikuwepo?"

Mwanangu, hapo ndipo ningeweza kusema sikuyaona. Herufi zilikuwa ndogo, nilikuwa mtoto, kila mtu angeamini. Na baba angebishana na mkaguzi, labda wangempa chochote. Nilitazama chini. Mama naye akatazama chini. Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akichagua mawe kwenye uwele, hakuinua uso.

"Kuona haya ni kazi ya macho," akasema. "Mdomo uache useme."

Nikasema, "Yalikuwepo, Baba. Niliyasoma siku ile ile."

Sikupigwa. Afadhali ningepigwa. Baba alirudi nyuma hatua moja kama alivyokuwa akirudi mnyaa ulipoanguka, akasema taratibu, si kwa hasira, kama mtu anayejisomea mwenyewe:

"Kumbe nimesomesha mtu wa kusoma. Wa kuniambia sikumpata."

Kampuni haikulipa. Na mwaka uliofuata, baba alipotaka kukata bima upya kwa paa la bati za kuokoteza, ada ilikuwa imepanda karibu mara mbili. Si kwetu tu. Upepo ule ulikuwa umeezua nyumba nyingi njia nzima, na kampuni ikilipa wengi inawaongezea wote, hata yule ambaye paa lake halikutikisika. Majirani wakasema bima ni wizi, wakaacha. Kisha mvua ya mawe ikaja tena, tena mapema kuliko tulivyozoea, wakasema ni mikosi. Hapo ndipo nilipoanza kuchoka na watu, na sijapumzika bado. Mbingu zimebadilika tabia, kila mtu anaona, na kila mtu anajenga kana kwamba hali ya hewa ni ya babu yake.

Kwa hiyo usiniambie usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo mnaiimba shuleni vizuri, huku ufa mnautazama. Fanya hivi. Kabla hujakata mti au ua, simama upande unaotoka upepo uulize ulipandwa kwa nini. Ukitia sahihi kwenye bima, soma mpaka zile herufi za kukomoa, na ukiongeza chumba au ukitoa uzio waandikie, ubaki na nakala. Bati zifunge kwa waya mpaka kwenye ukuta, usiamini msumari peke yake. Ada ikipanda usikimbie kabla ya kuuliza: muulize wakala nikiikinga nyumba utanipunguzia nini, maana wengi hulipa ya juu kwa sababu hawakufungua mdomo.

Na la mwisho ndilo la kwanza. Ukijua jambo, liseme, hata sauti ikitetemeka, hata mbele ya baba, hata kama litakunyima unachokitaka. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilificha mistari mitatu, ikafichuliwa na paa. Haya yako nayapenda, umeyarithi kwangu. Lakini yasikufanye umwache mtu mzima aende na panga kubomoa kinga yake, nawe umekaa dirishani unajua.

Mungu akupe nyumba inayokaa pale ulipoijenga, mvua ya kutosha shamba bila kuingia kitandani, na watoto wasioogopa kukuambia umekosea. Na akupe sikio la kuwasikia. Sasa nenda, mafundi wako bado wako kazini, na ule upande wa mashariki nimeona wamebakiza miti minne. Kimbia.