Nta ya Korotimi

Siku Lassina alipomwona Korotimi kwa mara ya kwanza, mama huyo, fundi mzee wa nta, alikuwa anatafuna nta uani kwake, mtaa wa wafua shaba, mjini Bobo-Dioulasso. Lassina akaegemea ukuta wa mlangoni.

“Wewe baba, umekuja kuegemea ukuta wangu?”

Kwa sauti ndogo akaeleza shida yake. Alikuwa akiunda bangili ya mguu ya harusi ya mpwa wake. Nta aliyoifinyanga, ambayo ingefunikwa kwa udongo, iyeyushwe, na shaba imwagwe mahali pake, ilivunjikavunjika kwa baridi ya upepo wa jangwani. Akatia mafuta ya shea. Ikalainika, lakini udongo haukuishika, na shaba ikatoka na vishimo. Shaba iliyobaki ilitosha kumwaga mara moja tu.

Korotimi akakibinya kipande alicholetewa. “Umeilisha mpaka inatoka jasho. Mafuta yamepanda juu. Udongo ushike wapi?”

“Basi nipunguze, mama.”

“Itavunjika tena.”

Akayeyusha nta nyingine, akatia mafuta kidogo sana, kisha utomvu mzito wa mtambazi wa porini uitwao zabani, ule mweupe unaonata vidoleni. Lassina akavuta uzi wa nta hiyo. Ukarefuka, ukapinda, haukukatika.

“Utomvu umefanya nini humo ndani?”

“Nadhani unaishikilia. Sijaingia kuona.”

“Na ukizidi?”

“Hautoki wote kwenye moto. Unaacha masizi, shaba inayameza, inaharibika. Wewe baba unauliza kuliko mkwe.”

Akapangusa nta kwa kitambaa kilicholowa maji ya majivu, mafuta ya juu yatoke. Lassina akapaka udongo mwembamba. Safari hii ukatandaa kama uji kwenye sahani. Akaupapasa, akacheka peke yake.

Kwa nta hiyo na shaba iliyobaki, bangili ikatoka nzima, na mpwa wake akaivaa. Harusi ilipokwisha Lassina akaiazima, akampelekea Korotimi aione. Alimkuta juu ya mkokoteni na mizigo yake, anahamia kwa mwanawe mjini Banfora, ambako alikuja kufia kabla ya mvua.

Mama akaizungusha mkononi, akapitisha ukucha ndani ya mpindo.

“Hapa panakwaruza. Kwingine kote laini. Kwa nini hapa tu? Mimi nasafiri, baba. Hilo litafute wewe.”