Mtakatifu Mwenye Masikio Yangu

Sikuwa na meno mawili ya mbele. Sikuwa na mke. Mungu alimchukua mwaka wa ile tufani kubwa. Sikuwa na tanuri la umeme, wala kiyoyozi, wala bango linalowakawaka taa. Sikuwa na dada. Yaani ninaye, yuko Baguio, mzima kabisa, ila tulikuwa hatujasemezana miaka ishirini na miwili.

Na asubuhi ya tarehe tatu Septemba nikagundua sina hata mtakatifu.

Mchwa walikuwa wamemla.

Sisemi kwa mafumbo. Wamemla, wakaacha mpini.

Naitwa Wenceslao, lakini mtaa mzima unaniita Tatang Islaw. Nina miaka sabini na nne. Duka letu la mikate liko kwenye kona ileile, hapa Pampanga, tangu babu yangu, Apu Ciano, alipojenga tanuri lake la kuni kabla ya vita. Ujanani, mchana nilikanda unga, jioni nikaenda shule ya usiku, na cheti ninacho, kiko ukutani juu ya gunia la sukari. Katika uandishi wa barua nilikuwa wa kwanza darasani. Naomba mlikumbuke hilo.

Kila alfajiri watu huja kuchukua pandesal, vile vimkate vyetu vya moto, wanachovya kwenye kahawa, wanaenda zao. Lakini heshima ya duka letu haikutoka kwenye pandesal.

Ilitoka kwenye biskuti za San Nicolas.

Kila mwaka, sikukuu yake tarehe kumi Septemba, tunaoka biskuti mia sita zenye umbo lake. Padri anazibariki, watu wanazipeleka nyumbani. Mtoto akipata homa, anavunjiwa kipande. Mpunga ukigoma, biskuti inasagwa na kumwagwa shambani.

Umbo hilo linatoka kwenye kibao chenye mpini alichokichonga Apu Ciano kwa mkono wake. Unagandamiza unga juu yake, unainua, mtakatifu huyo hapo.

Kibao kilikuwa kimoja tu. Na miaka themanini ya kugandamizwa ilikuwa imemlainisha mtakatifu mpaka akafanana na kiazi kilichovaa kanzu. Lakini alikuwa kiazi chetu.

Nikaenda kwa Padri Gervacio na mpini mkononi.

"Padri, San Nicolas ameliwa."

Akautazama ule mpini kwa muda. "Na nani?"

"Mchwa."

"Islaw, mimi sikufukuzi. Lakini lile duka jipya la barabara kuu wameniambia wana mashine. Inatoa biskuti elfu moja kwa saa."

"Zenye mtakatifu?"

"Zenye umbo la nyota."

Nyota! Jamani, nyota inatibu homa ya nani?

"Nipe mpaka sikukuu," nikasema. "Nitakuletea mtakatifu."

"Ukishindwa, kazi inahamia kule," akasema Padri. "Na ikihama leo, sidhani kama itarudi."

Nikatoka pale najiuliza. Miaka themanini, vizazi vitatu, halafu mimi ndiye niwe wa kumpoteza mtakatifu kwa wadudu?

Mchongaji wa mtaani kwetu alikuwa amekwenda Manila mpaka Oktoba. Mameng, muuza samaki wa jirani, mwanamke ambaye ulimi wake unakata kuliko kisu chake, akaniambia ukweli nisiotaka kuusikia.

"Tatang, mwandikie dada yako. Atsi Nilang anachonga mbao huko Baguio. Na kile kibao anakijua kama kiganja chake."

"Siandiki."

"Kisa?"

"Alimtukana mtakatifu. Mbele ya wateja."

"Ndiyo ukamfukuza?"

"Nilimwambia anayemtukana mtakatifu hagusi unga dukani kwangu. Aliondoka mwenyewe."

"Ehee. Na ile aproni yake pale msumarini inangoja nini?"

"Inangoja kufuliwa."

"Miaka ishirini na miwili?"

Nikamfungia dirisha.

Nikaamua kuchonga mwenyewe. Kwani mimi sina mikono?

Ugumu wa kibao ni kwamba unachonga kinyume. Kulia kunakuwa kushoto, pua inakuwa shimo. Nikafikiri kama mtu aliyesoma: kitu gani hugeuza? Kioo. Basi nikachukua kadi ndogo ya sala yenye picha ya San Nicolas, nikaibana kwa kibanio cha nguo kwenye kola ya shati langu, nikakaa mbele ya kioo cha kunyolea cha Apu Ciano, ambacho kimening'inia karibu na tanuri tangu enzi zake. Nikawa natazama kadi ndani ya kioo, nachonga. Natazama, nachonga.

Kadi ilikuwa ndogo. Uso wangu ulikuwa mkubwa.

Yaliyofuata nyinyi mmeshayakisia. Mimi sikuyakisia.

Siku mbili baadaye nikaoka biskuti thelathini za majaribio. Viini vya mayai, tui la nazi, mafuta ya nguruwe, harufu mpaka ng'ambo ya barabara. Mameng akaja wa kwanza. Akaishika moja. Akanitazama. Akaitazama biskuti. Akanitazama tena.

"Tatang."

"Nini?"

"Mtakatifu gani huyu ana masikio kama milango ya kabati?"

"Ni mtindo wa kale."

"Na pengo la meno mawili nalo ni mtindo wa kale?"

Nikamnyang'anya. Nikaipeleka kwenye mwanga.

Mama yangu wee! Mimi huyo. Mimi kabisa, nimevaa kanzu ya kitawa, nimenyanyua mkono kubariki.

Kabla sijazificha, Mameng alishazigawa mtaa mzima. Nikasema basi, kesho nachekwa na kuzikwa.

Kesho yake akaja Kapitan, mkuu wa mtaa wetu. Alikuwa na kwikwi ya siku tano, hata mkutano alishindwa kuendesha. Alikuwa amening'ata kichwa, kwikwi ikakatika papo hapo. Mwenyewe anasema ni mshtuko wa kuniona mdomoni mwake, lakini nani alimsikiliza?

Halafu kuna mtu akampa jogoo wake wa kupigana makombo ya goti langu. Jogoo yule alikuwa na jicho moja na hajawahi kushinda. Jumapili akashinda mara mbili.

Hapo sasa!

Dukani kukawa hakupitiki. Desturi yetu ni kijana kuushika mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Siku ile hata wazee wenzangu walipanga foleni. Mmoja ananizidi miaka mitatu.

"Tatang Islaw," bibi mmoja akaniuliza, "nimekula sikio lako la kushoto, mbona nyonga bado inauma?"

"Nyonga ipi?"

"Ya kulia."

"Sasa mama, si ungekula la kulia?"

Nilijibu hivyo, Mungu anisamehe. Ilinitoka yenyewe.

Mkulima mmoja akaja kuniarifu kwa adabu kwamba amenisaga na kunimwaga shambani kwake, upande wa mfereji. Nikamshukuru. Mwanamke mwingine akawasha mshumaa mbele ya gunia la sukari. Na mimi, nisiwafiche, nikaanza kutembea polepole. Nikawa navaa shati jeupe kukanda unga. Nilipokohoa watu walinyamaza kusikiliza kama kuna ujumbe.

Ndipo Padri Gervacio akaingia, ameshika biskuti kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya.

"Islaw, huyu ni nani?"

"San Nicolas, Padri."

"San Nicolas alifunga na kusali maisha yake yote. Huyu anaonekana ametoka kula."

"Watu wanapona, Padri."

"Watu wanapona kwikwi! Sikiliza. Siwezi kusimama mbele ya altare nikanyunyizia maji ya baraka sura yako mara mia sita. Keshokutwa ni sikukuu. Lete mtakatifu halisi, la sivyo nachukua nyota."

Kuchonga kingine hakukuwezekana, muda ulikwisha. Nilichoweza ni kuoka. Nikazioka zote mia sita, nikasema liwalo na liwe.

Tarehe kumi kanisa likajaa mpaka nje. Trei zangu kwenye meza ndefu mbele. Kando, kwenye maboksi yenye utepe, nyota elfu moja za lile duka.

Ibada ilipofika mahali pa kubariki, Padri akachukua chombo cha maji, akazipita trei zangu, akaelekea kwenye maboksi.

Nilihisi tanuri la babu yangu linazimika ndani ya kifua changu.

"Padri, simama hapo hapo!"

Sauti ilitoka benchi la nyuma. Alikuwa bibi wa mtaa mzima, Apu Sepa; kwetu babu na bibi wote tunawaita Apu. Ana miaka tisini na mmoja, na sauti yake bado ni ya msichana anayeuza karanga stendi. Akaja taratibu na fimbo yake, mkono mmoja umekumbatia bati la biskuti lenye kutu.

"Mwaka nilioolewa," akasema, "nilipewa San Nicolas kutoka dukani kwa Ciano. Ikabarikiwa hapa hapa. Nikaiweka kwenye altare ya nyumbani, nikasema nitaila siku nikiugua sana. Bado sijaugua sana."

Akafungua bati. Ndani, kwenye kitambaa, biskuti ya miaka sabini. Ngumu kama kigae, rangi ya tumbaku, lakini nzima, na kila mstari umekaa sawa kwa sababu enzi hizo kibao kilikuwa bado hakijalainika.

Padri akaichukua. Akachukua na yangu kwenye trei. Akaziweka sambamba.

Kanisa likasogea mbele kama mtu mmoja.

Masikio yaleyale.

Milango ya kabati, pande zote mbili. Pua ileile. Hata lile pengo la meno.

"Huyo ni Ciano," akasema Apu Sepa. "Alichonga mbele ya kioo chake cha kunyolea, picha ameibana kwenye kola. Nilikuwa mtoto, nilimwona kwa macho yangu. Nikamwambia, Ciano, umejichonga mwenyewe. Akanifungia dirisha."

Mameng akacheka kanisani. Akajiziba mdomo kwa upindo wa shela yake, akaendelea kucheka humo humo.

Padri alikuwa anahesabu kwa midomo. Nadhani alikuwa anawahesabu mapadri wote waliomtangulia, na miaka yake mwenyewe kumi na mmoja ya kumbariki babu yangu, na vipande alivyokula akiwa na homa.

"Apu Sepa," akauliza kwa unyonge, "na hii inaponya kweli?"

"Sijui, sijaila. Ila ninaitazama kila siku na wote walionicheka nimewazika."

Padri akavuta pumzi. "San Nicolas alikuwa mnyenyekevu sana," akasema. "Kama amewavumilia hawa miaka themanini, mimi ni nani?"

Akarudi kwenye trei zangu. Maji ya baraka yakaniingia hadi jichoni.

Watu wakapiga makofi, nusura wanibebe. Kazi imebaki kwetu. Zile nyota walipewa watoto.

Lakini mimi sikuwa nasikia makofi. Nilikuwa nimekumbuka maneno ya dada yangu. Siku ile, miaka ishirini na miwili iliyopita, akiwa na macho makali ya mchongaji, alikiinua kile kibao kwenye mwanga, akacheka, akasema:

"Islaw, hebu angalia masikio haya. Huyu si mtakatifu. Huyu ni Apu."

Hayo tu. Hilo ndilo tusi. Kwa hilo nilimfokea mbele ya wateja, naye akavua aproni, akaikunja mara nne, akaitundika, akaenda.

Nyinyi mnaosoma huku mmenuniana na ndugu, mzee huyu anawaambia kitu kimoja. Kabla hujamwambia mtu amekosea, kajitazame kwenye kioo, lakini jitazame vizuri. Mimi nilijitazama siku mbili nzima na sikujiona.

Jioni ile nikakaa chini kuandika. Mimi, wa kwanza darasani. Karatasi saba zilikwenda kwenye tanuri. Ya nane ilikuwa na mistari mitatu:

"Atsi, ulisema kweli kuhusu masikio. Aproni yako nimeifua. Kibao kipya nimekichonga vibaya, na mwakani mikono yangu peke yake haitoshi."

Nikaikunja karatasi kuizunguka biskuti moja, nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikaifunga kwa uji mzito wa unga, maana gundi ya dukani siiamini. Asubuhi nikaipeleka posta.

Binti wa dirishani akaipima mkononi. "Imevimba hii, Tatang. Kuna nini ndani?"

"Babu yangu."

Akanitazama, akaitazama bahasha, akanyanyua muhuri.

"Taratibu, mwanangu," nikamwambia. "Usimvunje masikio."

Akagonga polepole, akaitupia kwenye gunia la Baguio.