Ukigusa, Umecheza

Mama yangu hakuwahi kumsamehe mtu aliyetandika kitambaa vibaya. Tukitoka kumtembelea jirani, kabla hata hatujafika langoni, alikuwa ameshaanza: "Umeona? Ameweka mafundo juu. Mtu mzima!" Vyake alivifuma mwenyewe, vya maua, vya kila kiti, cha meza, cha redio, hata cha ile televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa. Kitambaa kina upande wa kuonekana na upande wa kufichwa, na kwa mama hapo ndipo adabu ya nyumba ilipoanzia.

Ndiyo maana Jumapili ile niliposimama mlangoni pake kijijini Gatuanyaga, nikikung'uta vumbi la barabarani, nilisahau kubisha hodi. Vitambaa vilikuwa vimefuliwa, vimetiwa wanga, vimenyooka vizuri. Na vyote, kwenye kila kiti, vililala kifudifudi. Mafundo juu. Mikia ya nyuzi juu.

Ndugu zangu wawili walipita wakavikalia. Wanaume hawa ungewatandikia gunia wangesema asante.

Tulikuwa tumekuja kumkagua mama. Hakuna jina zuri la kazi ile. Jirani yake alikuwa amempigia kaka yangu mkubwa simu: mama yenu siku hizi ananipita njiani bila salamu, na juzi nimemwona akishika sufuria ya moto kama kitu kilichopoa. Kaka mkubwa anaishi Ruiru, gorofa ya nne, na ni mtu wa kumaliza mambo. Alituita kikao kwa simu, akaamua kwamba mama amechoka akili, na kabla wiki haijaisha alikuwa amenunua kitanda akakiweka kwenye chumba cha wageni. Kaka wa pili, mwenye duka la misumari na simiti kule Witeithie, alikubali, kwa sababu yeye hukubali. Makubaliano yalikuwa haya: twende tumwone. Tukimkuta sawa, abaki kwake. Tukimkuta hayuko sawa, arudi nasi siku hiyo hiyo, mbuzi wauzwe, nyumba ifungwe.

Mimi ndiye kitinda mimba, na kwa kuwa ndiye msichana, nilipewa kazi ya kumfungia nguo. Begi lenyewe, tupu, lilikuwa kwenye buti ya gari. Nilikataa kulibeba, kaka mkubwa akalibeba yeye.

Mama alikuwa ameshanusa sababu ya safari yetu. Alikuwa amevaa ile leso ya kichwa ya kanisani na sweta ya kijivu, akatupokea kwa jina la kila mmoja mara tu aliposalimu. Kaka mkubwa, mama humwita "baba," kwa sababu alipewa jina la baba mkwe wa mama. "Baba, umenenepa," alimwambia. Kaka akacheka kwa kuridhika. Mimi nilijua kwamba mtu yule amekonda tangu Krismasi, hata kola ya shati ilikuwa inaning'inia.

Nilimfuata mama jikoni. Jiko lake liko nje, banda la mabati lenye moshi wa miaka yote. Alikuwa akimwaga maziwa kwenye sufuria, na kichwa chake kilikuwa kimegeukia ukuta. Alikuwa anasikiliza. Sauti ya maziwa ilipopanda, akaacha kumwaga.

"Mami," nilisema polepole, "vitambaa umeviweka juu chini."

Mkono wake ulisimama. Nilimwona akivipitia vyote kichwani, kiti baada ya kiti.

"Vyote?" akauliza.

"Vyote."

Akaketi kwenye kigoda. Hakulia, mama si mtu wa kulia mbele ya maziwa. "Ni presha ya macho," akasema. "Nilienda kliniki Thika. Waliniambia chenye kimeenda hakirudi. Naweka dawa, nisipoteze hako kamebaki."

"Kamebaki kiasi gani?"

"Naona mwangaza. Naona mtu akisimama mlangoni, sijui ni nani mpaka aongee." Kisha akanishika mkono, akaukosa kidogo, akaupata. "Usiwaambie."

Nilikasirika. Nilimuuliza anadhani atadanganya watu mpaka lini, na je, akianguka? Na je, moto? Yeye akaningoja nimalize.

"Sikia, mwanangu. Huku najua kila kitu. Kutoka kitandani hadi kwa mbuzi, najua. Kuni najua, maji najua, hata hiyo kona ya mlango imenigonga mpaka tumezoeana. Nikienda hiyo gorofa, nitakaa kwa kiti ningoje mtu anipeleke choo. Huko ndiyo nitakuwa kipofu."

Nilitamani kumbishia lakini nilikuwa nimeiona ile gorofa, ngazi zake nyembamba na kile kibaraza cha kuanikia nguo chenye ukingo wa kufika kiunoni.

Chakula kilipita salama. Mukimo wa viazi na mahindi ulikuwa laini, kuku alikuwa na chumvi ya kutosha, na mama alipakua kwa kugusa ukingo wa kila sahani kwa kidole gumba, haraka, hivi kwamba ungedhani anaangalia kama imeoshwa. Kaka mkubwa alimkodolea macho muda wote. Nilikuwa nikimeza bila kutafuna. Mama aliulizwa kuhusu bei ya mahindi, akajibu. Aliulizwa ni nani alihubiri kanisani, akajibu, akaongeza na makosa ya mhubiri. Nikaanza kuvuta pumzi.

Hapo ndipo kaka mkubwa alipoinuka akautoa ubao wa drafti nyuma ya kabati.

"Mami, tucheze kamoja?"

Niliielewa nia yake, na sikumchukia kwayo. Mtu aliyechoka akili hawezi drafti. Kwa mawazo yake ule ulikuwa mtihani wa haki, tena wa heshima. Ubao ni wa plaiwudi, na baba yetu, marehemu sasa, ndiye aliyeuchoma visanduku vyake kwa chuma cha moto. Alimfundisha mama kucheza kwa sababu jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, hakukuwa na mwanamume mwingine karibu wa kucheza naye. Baada ya muda akajuta, kwa sababu alikuwa akipigwa. Baba alikuwa na tabia ya kufikiri kwa vidole, anagusa hiki, anagusa kile, na mama akaweka sheria ambayo imetutesa sote tangu utotoni: ukigusa, umecheza. Ukishaweka kidole kwenye kete, ni hiyo utakayosukuma, hata kama ni ya kukupeleka shimoni. Mimi nimewahi kulia kwa sheria ile, na mama akaendelea kunila huku nikilia.

Na sasa alikuwa amekaa mbele ya ubao, asiyeweza kuona ila kwa kugusa, na sheria ilikuwa yake.

"Nipe zenye meno juu," akasema.

Drafti yetu ni ya vifuniko vya soda. Mmoja huvilaza meno chini, mwingine meno juu, ndivyo mnavyojuana. Mama alivipanga vyake upesi, kidole kikifuata visanduku vilivyochomwa. Kaka akafungua mchezo, kimya kimya.

Mama hakusogea.

"Haiya!" nikapiga kelele. "Ametoa ile ya upande wa dirisha! Kaka, mbona unaanza na uoga?"

Mama akacheka, akasukuma chake.

Yeyote aliyewahi kusimama penye drafti mjini Thika anajua kwamba watazamaji hucheza kuliko wachezaji. Wanatukana, wanatabiri, wanaweka mkono kichwani. Kwa hiyo kelele zangu hazikuwa za ajabu. "Ameleta ya mlangoni hadi katikati!" "Ngai, amepanda kwa ile ya kona, mami, anakutega!" Nilisimama nyuma ya kiti cha mama, nikitangaza kila hatua kwa dirisha, mlango, kabati na ukuta wa upande wa jiko, maana ndizo pande za sebule yetu.

"Wewe umekuwa mtangazaji wa mpira?" kaka mkubwa akauliza bila kuinua macho.

"Mchezo bila kelele ni matanga."

Kaka wa pili akacheka. Kaka mkubwa hakucheka.

Mara moja mama alikosea. Kidole chake kilishuka kwenye kifuniko kilichopakana na kile alichokitaka, na nikaona bega lake likijua. Kaka akasema taratibu, kwa mazoea tu, "Umegusa, Mami." Mama akakisukuma. Kaka akamla viwili kwa mpigo.

"Kula, baba," mama akasema. "Mgeni huja kula."

Walifikia mahali ambapo vifuniko vimebaki vichache na kila kimoja kina maana. Kaka wa pili akanusa hewa. "Maziwa! Maziwa yanafurika!"

Nilikimbia jikoni; yalikuwa ya chai, niliyabandika baada ya kula nikayasahau. Hakukuwa na namna ya kutokimbia. Niliiondoa sufuria motoni nikijichoma kidole, povu likimwagika kwenye majivu, nikarudi mbio. Nilichelewa. Kaka alikuwa ameshacheza, na hakuna aliyetangaza.

Niliangalia ubao. Kitu kimoja kilikuwa kimehama, na mimi, mwenye macho mawili mazima, sikujua ni kipi.

Mkono wa mama ulikuwa hewani juu ya vifuniko. Haukushuka.

"Umecheza gani, baba?" akauliza, kama mtu anayetania.

"Angalia," kaka akasema.

Mkono ulibaki pale. Angeweza kuupapasa ubao mzima na kujua kila kitu, na hakuna mtu mle ndani ambaye angethubutu kumkumbusha sheria. Lakini alikuwa ni mama. Kaka mkubwa aliinua uso wake akamtazama mama. Akautazama ule mkono. Kisha macho yake yakashuka kwenye kitambaa cha mkono wa kiti chake, akaanza kukichezea, akakigeuza, akakikuta kizuri upande wa pili. Sijui alikuwa anakumbuka nini. Sote tulilelewa na ile hotuba ya mafundo.

Alikohoa.

"Nimetoa ile ya dirishani, Mami," akasema. "Imekuja katikati, mbele ya ile yako ya kabati."

Shingo ya mama ililegea, nikaona leso ya kichwa ikiinama, kisha ikanyooka.

"Basi nakula," akasema, na akala, na akala tena.

Tangu hapo kaka ndiye aliyetangaza. Kila alipocheza alisema, kwa sauti ya chini, kona gani na upande gani, na mama alijibu kwa kucheza. Mimi nilinyamaza. Kaka wa pili alitutazama kwa zamu, akiwa na kikombe mkononi, na polepole naye akaelewa, akaenda kusimama dirishani akitupa mgongo. Mama alipata kingi, kifuniko cha kwenda mbele na nyuma, na kwa kingi ile akamsafisha kaka mpaka kifuniko cha mwisho. Kaka hakumwachia. Namjua, hata watoto wake hawaachii.

"Mtu aliyechoka akili amekupiga," mama akamwambia.

"Umenipiga, Mami," kaka akasema. Alibaki ameinamia ubao, akijifuta uso kwa kiganja.

Jioni tulitoka uani. Nilijua kuna jambo, kwa sababu kaka mkubwa aliniashiria nimfuate hadi kwenye gari. Akafungua buti. Akatoa lile begi tupu, akanipa.

"Sifungi nguo zake," nikamwambia. "Umeona mwenyewe. Hapa anaweza."

"Haendi mahali. Anaweza, lakini hawezi peke yake. Kitanda nitakileta huku Jumamosi."

"Mama ana kitanda."

"Si cha mama."

Nilichukua muda kuelewa, halafu damu ikanipanda. Nilimkumbusha kwamba nina chumba changu Ruiru, kwamba nashona mapazia na wateja wangu wote wako huko, kwamba yeye ana gari na kaka wa pili ana gari na mimi nina miguu. Nilimuuliza kwa nini kila kitu cha nyumba hii humwangukia aliyezaliwa mwisho. Nilisema mengi, mengine siyarudii hapa. Aliningoja nimalize, na katika kungoja kule alifanana sana na mama.

"Kwa nini mimi?" nikauliza tena.

"Uligusa," akasema. "Wewe ndiye uliyeanza kumtangazia."

Nikasimama pale na begi tupu mkononi. Ndani, mlango ukiwa wazi, mama alikuwa ameshaanza kupanga vifuniko upya: vyake meno juu, na vya mtu wa pili meno chini.