Trei Iliyorudishwa

Kiwandani, mama mkaguzi hukishika kichupa cha dawa ya sindano shingoni, hukizungusha taratibu, hukitazama mbele ya ubao mweupe, kisha mweusi. Viputo hupanda, uchafu hushuka; yeye husubiri mpaka ajue kipi ni kipi. Kila nusu saa hufumba macho kuyapumzisha, hata trei zikirundikana. Leo kazi ilimzidi, akapitiliza muda wa kupumzisha macho. Alipogundua, aliinuka akairudisha trei ya mwisho.

“Mama, hiyo si umeshaipitisha?” mwenzake akauliza.

“Niliipitisha kwa macho ya kuazima.”

Akaanza upya. Kwenye kichupa cha arobaini, unyuzi mwembamba kama kope ulishuka polepole. Akakitenga, akaandika daftarini: nilikipitisha mimi.

Mwenzake akasoma, akatua kichupa chake mezani, naye akafumba macho.