Bakuli la Sukari

Si kweli kwamba mwanangu ananinyima sukari kwa uchoyo. Yeye ni mtafiti. Kutwa husoma tafiti za dunia nzima kuhusu watu ambao sukari yao ya damu imepanda lakini haijafikia kisukari, kilichomchukua baba yake. Husoma kwa sauti, huku akijivuta sikio. Akifika kwenye takwimu za umri wangu, huruka ukurasa.

Jana alinijia na kipimo. "Mama, lete kidole."

"Una nchi zote hizo, na kidole changu pia unakitaka?"

Hakucheka. Alinichoma, akachukua tone langu moja la damu. Alisoma kipimo, akakifunika kwa kiganja, akainuka kulificha bakuli la sukari. Hapo ndipo jirani alipoingia, akaondoka na hadithi ya uchoyo. Kipimo kilisema nini? Hilo ni la nyumba hii. Sisemi zaidi.