Siku Niliyohesabu Ng'ombe wa Baba

Umeme ukikatika hapa Karatu, kile kiboksi cha betri chini ya meza yangu hulia pii, pii, pii. Wenzangu ofisini hulalamika tu. Mimi, ndugu zangu, mtu mzima na akili zangu, bado hushtuka kama mtoto.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni kule Rhotia, binti wa mfugaji kutoka Malambo. Mwalimu wetu wa kompyuta, mama mmoja Mwiraqw mpole, alichoshwa na mifano ya kitabuni, tiketi za ndege na wateja wa benki. "Leo andikeni programu ya vitu vya kwenu," akasema. Wenzangu wakahesabu magunia ya mahindi. Mimi nikafumba macho, nikawapitisha ng'ombe wa baba langoni mmoja mmoja. Arobaini na watatu. Nikaandika, nikabonyeza.

Umeme ukakatika pale pale. Pii, pii, pii.

Mungu wangu! Kwetu ng'ombe hawahesabiwi, wala watoto. Ukitaja idadi yao umemwita fisi, umeiita ndigana, ugonjwa wa kupe. Bibi alishawahi kunichapa kwa kuwanyooshea kidole tu. Na mimi nimewatia wote kwenye mashine! Ng'ombe hao ndio waliokuwa maziwa ya wadogo zangu, ndio walionipeleka shule.

Siku tatu nilishinda dirishani. Kila pikipiki iliyosimama getini nilidhani imeleta msiba wa zizi letu. Siku ya nne nilimfuata mwalimu nikilia. "Mwalimu, naomba ufute namba yangu. Ng'ombe watakufa."

Nilitegemea acheke. Alivuta kiti, akaniuliza, "Sasa baba yako anajuaje kama mmoja amepotea?"

Nikamweleza kwamba jioni baba husimama langoni akiwatazama wanavyoingia, rangi zao, pembe, mwendo. Asipomwona mmoja humtaja. Kuhesabu, hapana.

"Basi andika hivyo hivyo. Iulize mashine nani hajaingia."

Tukaifuta namba. Nikawaandika wote kwa majina, na programu ikawa inamtaja aliyekosekana tu. Darasa likapiga makofi. Nilitabasamu, lakini hofu haikuniacha, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Likizo ilipofika nilimkuta baba langoni. Nikainamisha kichwa anishike utosini kwa salamu, kisha nikamweleza yote. Aliwatazama ng'ombe hadi wa mwisho akaingia.

"Ulimweka na yule mweupe aliyeko kwa rafiki yangu kule kijiji cha Soitsambu?"

"Mweupe gani, baba? Simjui."

"Kama hayumo, basi uliowahesabu si ng'ombe wetu. Nenda ukanywe maziwa."

Weee! Nilikunywa kibuyu kizima. Likizo yote nilicheza, na baba alitoka kuchunga mwenyewe kuanzia alfajiri, hakumwachia mtu fimbo. Nikadhani amewapenda tu ng'ombe wake zaidi mwaka ule.

Majuzi, mimi sasa nikifundisha kompyuta mabinti wa kwetu, nilimuuliza mama kama yule mweupe wa Soitsambu alizaa. Mama alinishangaa. "Soitsambu? Hatujawahi kuweka ng'ombe Soitsambu."

Nikakumbuka mgongo wa baba ukipotea kwenye vumbi kila alfajiri, nyuma ya ng'ombe arobaini na watatu. Nilidhani siku ile langoni aliiondoa hofu yangu. Kumbe aliichukua, akaenda nayo machungani peke yake.