Sukari ya Wiki ya Kwanza

Nilimwahidi Mzee Benedikto kwamba habari ya kaka yake nitaisema yote. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, kibandani kwake mtaa wa Usagara, penye harufu ya gundi na ngozi iliyolowa. Nilikuwa darasa la saba, nikijiandaa kwa mdahalo wa siku ya wazazi: serikali ya kijeshi hujenga uchumi vizuri kuliko ya kiraia. Nilipangwa upande wa watetezi. Mzee, fundi viatu aliyeikimbia nchi jirani iliyotawaliwa na wanajeshi, ndiye shahidi pekee niliyemjua. Alinisimulia kwamba wiki ya kwanza baada ya mapinduzi waliteremsha bei ya sukari, foleni zikanyooka, watu wakashangilia. Kisha maduka yakawa matupu, kwa kuwa hakuna awezaye kununua ghali akauza rahisi. Kaka yake, aliyekuwa muuza duka, alipofunga duka lake, wanajeshi walimchukua. Hakurudi.

“Ukiisema, usiikate,” aliniambia.

“Sitaikata, babu.”

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Siku ya mdahalo nilisema sukari, nikasema foleni, nikaishia hapo. Ukumbi ukarindima kwa makofi. “Waleteni na hapa shuleni, uji wa watoto upate sukari!” mzazi mmoja alipaza sauti, watu wakaangua kicheko. Mzee alikuwa safu ya pili, amevaa koti lake la kanisani, hacheki. Mwenyekiti akanipa dakika moja ya kuhitimisha. Nilimtazama Mzee, nikashukuru wasikilizaji, nikaketi. Tukashinda. Nje nilimwamkia, “Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Umeshinda, mjukuu wangu,” alisema taratibu. “Ila kaka yangu umemwacha dukani, bado anauza.”

Hakulitaja tena, nami sikupata ujasiri wa kumwomba radhi. Alizikwa nikiwa chuoni nasoma uchumi, nikikuta mkato wangu uleule katika maandishi ya watu wazima: hesabu huanza siku ya mapinduzi na kukoma kabla rafu za maduka hazijawa tupu. Sidai kwamba raia hawakosei. Mama yangu, akiwa msichana, alipanga foleni ya sukari chini ya serikali ya kiraia, akaikosa. Lakini alinung’unika njia nzima, na nyumbani alifika. Leo vijana wenzangu wa mtaani Raskazone, wamechoka kusubiri ajira, nawasikia wakiwatamani wanajeshi, na siwezi kuwacheka.

Ombi langu ni moja: ukikutana na mtu aliyeishi chini ya utawala wa wanajeshi, mwombe akusimulie, nawe usiondoke kabla hajamaliza.